Bomba la Mserereko: Mwongozo kwa Kijiji Kinachotafuta Maji Mlimani

Pima chanzo mwezi Oktoba. Ukipima Mei, masika yakiwa ndiyo kwanza yameisha, kila kijito kitakudanganya kwamba kinatosha, nawe utajenga mradi wa miezi sita kwa fedha za miaka ishirini. Mwongozo huu ni wa maji ya mserereko, yale yanayoshuka yenyewe kutoka mlimani bila pampu wala umeme. Mifano yake ni ya upande wa Upare, ambako chemchemi ziko juu msituni na wenye shida kubwa ya maji wako chini tambarare. Ukiwa Uluguru, Njombe au Rungwe, hesabu ni zile zile.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Ziba kijito kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, acha maji yote yapite kwenye kipande cha bomba, kinga ndoo ya lita 20, na mwenzako ashike saa ya simu. Rudia mara kadhaa, chukua wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 6, chanzo kinatoa lita 3.3 kwa sekunde. Kisha mtafute mzee aliyelima au kuchunga hapo tangu ujana wake, umuulize ni mwaka gani kijito kilikauka kabisa. Akikutajia mwaka, hicho ni chanzo cha kuongezea, si cha kutegemea.

Sasa upande wa mahitaji. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo cha kuchotea kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Tuseme kijiji kina watu 3,000. Bomba unalolaza leo unataka lidumu miaka 20. Watu wakiongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka, watafika 5,400 hivi. Zidisha kwa 25, ni lita 135,000. Weka shule ya msingi na zahanati, kisha ongeza asilimia 20 ya maji yatakayovuja njiani, maana yatavuja. Utafika kwenye lita 175,000 kwa siku, sawa na lita 2 kila sekunde, usiku na mchana. Chanzo chetu cha lita 3.3 kinatosha, na kinabakiza kitu mtoni.

Ng'ombe nao wahesabiwe. Tambarare ina wafugaji, na ng'ombe mmoja hunywa maji ya mtu mmoja au zaidi. Mradi usiojenga birika la kunyweshea mifugo utajengewa na wafugaji wenyewe: bomba litakatwa kwa panga porini kiangazi kikikolea, na fundi hatakuta mtu wa kumuuliza.

Maji yana wenyewe

Kisheria, maji ya mto ni mali ya umma, na anayetaka kuyachepusha huomba kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde husika. Kwa wilaya za Same na Mwanga, huko Upare, ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoko Moshi. Kibali hutaja kiasi unachoruhusiwa kuchukua, na ukishakipata una haki ambayo mtu anayechepusha juu yako bila ruhusa hana. Omba mapema. Usanifu wenyewe upitie RUWASA wilayani, wakala wa maji vijijini aliyeundwa kwa Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Hata kama fedha zote ni za mfadhili au za wanakijiji walioko mijini, mradi uliojengwa kimyakimya hukosa wa kuulea fedha za mwanzo zikiisha.

Karatasi ya bodi, hata hivyo, haimtoshi mkulima wa mlimani. Upareni watu wamemwagilia kwa karne nyingi kwa mifereji na ndiva, yale malambo madogo yanayokusanya maji ya mfereji usiku ili asubuhi yagawiwe mashambani kwa zamu. Kila ndiva ina wasimamizi wake na zamu zinazojulikana kwa majina ya koo. Ukienda kuchukua lita 2 kwa sekunde juu ya mfereji wa watu bila kukaa nao, umetangaza vita, na vita vya maji havipiganwi mchana.

Kwa hiyo nenda mlimani kabla ya kwenda wilayani. Kaa na wazee wa mfereji, waeleze kiasi, wasikilize zamu zao. Kisha ahidi jambo moja na ulitimize kabla ya mengine yote: kijiji cha chanzo kipate maji ya bomba kwanza. Ni kituo kimoja au viwili tu, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kilomita za bomba, na ndiyo bima pekee utakayoipata kwa chanzo chako. Nimeona mama akishuka na ndoo kichwani akivuka juu ya bomba lenye maji safi yanayokwenda kwa watu wasiomjua. Mtu huyo usimtegemee akupigie simu moto ukiwaka msituni.

Msitu nao uwe kwenye makubaliano. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au chanzo cha maji. Pima mita hizo mkiwa pamoja na wenye mashamba, si nyuma ya migongo yao, mpande miti ya asili, na mwenye migomba ndani ya mpaka alipwe kabla hajaambiwa aondoke.

Maji yenyewe yapelekwe maabara ya maji ya mkoa kabla hujanunua hata kiungo kimoja. Chemchemi za milimani kwa kawaida ni nzuri, ila usiweke imani kwenye macho. Kuzunguka Mlima Meru na sehemu za Singida kuna maji maangavu kama kioo yenye floraidi inayowapaka watoto meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Ikizidi, tafuta chanzo kingine hata kikiwa mbali zaidi.

Bondeni ndiko bomba linakopasukia

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hufukiwa ardhini zisitoke tena. Kila mita 10 za kushuka huongeza presha ya bar 1. Bomba la plastiki jeusi, la HDPE, lina alama ubavuni: PN6 huvumilia bar 6, yaani mita 60 za maji, PN10 mita 100, PN16 mita 160. Alama hiyo ndiyo ya kwanza kusomwa bomba linaposhushwa kwenye lori, kabla ya kipenyo na kabla ya kutia saini.

Tuchukue njia moja. Kidakio, pale unapoyakinga maji, kiko mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Bomba linashuka hadi korongo lililo mita 970, kisha linapanda kwenye kilima kidogo chenye tenki la kijiji, mita 1,060. Urefu wote kilomita 6. Wengi hutoa 1,060 kwenye 1,150, wakapata mita 90, wakanunua PN10 na kulala usingizi. Lakini presha haiangalii tenki, inaangalia korongo. Kutoka kidakio hadi korongoni ni mita 180, bar 18. Mchana maji yakitembea huenda usione kitu. Usiku tenki likijaa, boya likafunga, maji yote yakasimama bombani, ndipo bar 18 zinapokaa juu ya ukuta ulioumbwa kwa 10. Asubuhi utakuta kidimbwi korongoni, na watu watasema ni hujuma.

Dawa ya kawaida ni tenki la kupunguza presha: kijumba kidogo cha zege ambamo maji hutoka bombani, hukutana na hewa, na huanza safari upya kama vile hapo ndipo kwenye chanzo. Liweke mita 1,120. Sasa korongo liko mita 150 chini yake, na PN16 inatosha kwa kipande cha bondeni. Lakini angalia usilishushe mno. Ukiliweka mita 1,050 kwa kutaka kuokoa fedha za bomba nene, maji hayatapanda tena hadi tenki la kijiji lililo 1,060, hata ukiyaombea dua. Kimo cha tenki la kupunguza presha kiwe juu ya kila mahali maji yanakokwenda baadaye, na ziada ibaki ya kulipia msuguano.

Msuguano ndio mwizi wa pili. Kwa lita 2 kwa sekunde, bomba la milimita 63 (mafundi huliita la inchi mbili) hula takriban mita 15 za msukumo kwa kila kilomita. La milimita 75 hula kama mita 6 na nusu. La 90 halifiki hata mita 3. Hayo ni ya PN10. Bomba la PN16 lina ukuta mnene unaobana njia ya ndani, kwa hiyo la 75 litakula kama mita 9. Sasa rudi kwenye mfano. Kutoka tenki la kupunguza presha hadi tenki la kijiji tuna mita 60 za kutumia na kilomita kama 5 za kwenda. La 63 linataka mita 75, hatuna. La 75 linataka kati ya mita 32 na 45 kutegemea urefu wa kipande cha PN16, tunazo. Tofauti ni milimita 12, na muuza mabomba atakwambia kwa moyo mweupe kwamba hazina maana.

Vimo hivyo usivipime kwa simu. Simu hukosea kimo kwa mita 10 au 20 bila kukuonya, na umeshaona mita 10 zina uzito gani. Mlipe mpimaji mwenye vifaa atembee njia nzima, aweke vigingi vya mbao kila baada ya mita 50 na kila bonde na kilele. Ni fedha ndogo kuliko rola moja la bomba lililonunuliwa kwa makosa.

Vileleni maji hubeba hewa, na hewa ikijikusanya hapo huziba njia kama vile kuna kizibo. Weka valvu ya kutolea hewa. Mabondeni hukaa mchanga na tope. Weka valvu ya kusafishia, ielekezwe mahali maji yake hayatabomoa shamba la mtu.

Mtaro

Kuchimba ni kazi ya watu, na ni vizuri iwe hivyo. Malawi, chini ya Mlima Mulanje, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wanavijiji walichimba wenyewe mitaro ya miradi mikubwa ya mserereko, kila kijiji na kipande chake, na kazi hiyo ikaenea wilaya nyingine. Gawa kwa vitongoji, pima vipande kwa kamba, na kipande chenye mwamba kiwe kifupi kuliko cha udongo laini. Usipofanya hivyo kitongoji cha mawe kitasusa siku ya pili, na kitakuwa na haki.

Kina kiwe mita 1. Mwezi wa kwanza kila mtu atachimba mita moja; wa pili utakuta sentimita 60 zenye udongo uliorundikwa ukingoni ili zionekane mita. Kata ufito wa mita moja, tembea nao mtaroni. Chini ya sentimita 60 jembe la kukokotwa na ng'ombe litalifikia bomba, na mvua ya miaka mitatu itamaliza udongo uliobaki. Sakafu ya mtaro isiwe na jiwe lenye ncha. Tandika udongo laini uliochekechwa kwa mikono, laza bomba, funika tena kwa udongo laini hadi sentimita 20 juu yake, ndipo urudishe mengine. Bomba la plastiki halipasuki kwa kukanyagwa. Hupasuka kwa jiwe moja lililoliegemea miaka miwili likisugua.

Na kuna hili ambalo wageni wa kazi hawaamini mpaka walione. Plastiki nyeusi juani hurefuka. Rola la mita 100 lililolazwa saa nane mchana, usiku likipoa linaweza kufupika kwa sentimita 25 hadi 40, na ufupi huo huvutwa kutoka kwenye viungo. Fundi aliyekaza kiungo vizuri jioni atakikuta kimechomoka asubuhi. Laza bomba likiyumbayumba kidogo mtaroni, usilinyooshe kama uzi. Liache lipoe usiku, unganisha na kufukia asubuhi mapema.

Makorongo yenye mafuriko yavukwe kwa bomba la chuma juu ya nguzo, au chini kabisa ndani ya zege. Usijenge nguzo kwa kimo cha mafuriko uliyoyaona wewe. Tafuta alama ya mafuriko makubwa kwenye mashina ya miti.

Viungo vyote viachwe wazi mpaka upimaji upite. Jaza maji, toa hewa yote, pandisha presha hadi mara moja na nusu ya ile itakayokuwapo kazini, uache saa kadhaa huku watu wakitembea na kukagua kila kiungo. Hapa mkandarasi atakuwa na haraka ya kufukia ili alipwe. Malipo ya kipande yafuate jedwali la presha lililotiwa saini, si urefu wa mtaro uliofukiwa. Kisha bomba zima na tenki vioshwe kwa maji yenye klorini miligramu 50 kwa lita, yalale humo saa 24, yamwagwe, yajazwe upya. Tenki la kijiji chetu liwe la lita 75,000 hivi, kwa sababu watu hawachoti usiku: wanakuja wote alfajiri na wote jioni, na ni tenki linalobeba tofauti hiyo.

Nani atanunua kiungo cha kwanza

Mwaka 1971 Tanzania ilianza programu ya miaka 20 iliyolenga kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Wafadhili walikuja, mikoa ikachorewa mipango, mabomba yakalazwa, na maji yakawa bure. Miradi mingi ilikufa kabla ya tarehe hiyo kwa kukosa vitu vidogo: kiungo, dizeli, nauli ya fundi. Sera ya 1991 ndiyo ikaanza kusema wazi kwamba mtumiaji achangie.

Leo msimamizi wa kijijini ni chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kilichosajiliwa, chenye akaunti benki. Kiundwe kabla ya mtaro, si siku ya uzinduzi. Fundi na mhasibu wawe watu wa kulipwa. Kazi ya kujitolea ni nzuri kwa kuchimba, haifai kwa kufungua valvu kila asubuhi kwa miaka 20.

Fanya hesabu kwa maji yatakayouzwa, si kwa lita 25 za sera. Watu wanaochota kwa ndoo na kulipia huishia kwenye lita 10 hadi 15. Tuseme 12: watu 3,000 watanunua uniti (mita za ujazo) 36 kwa siku. Kwa shilingi 20 kwa ndoo, uniti ni shilingi 1,000, mwezi ni kama shilingi 1,080,000. Toa mshahara wa fundi na mhasibu, klorini, ada ya kibali cha maji, na asilimia isiyoguswa ya matengenezo makubwa. Bado inawezekana, kwa sababu mserereko hauli umeme. Ila masika mapato huporomoka: kila mtu anakinga maji ya bati, na walio karibu na lambo wanarudi lamboni. Bei ipangwe kwa miezi mibaya.

Weka dira ya maji kwenye kila kituo na nyingine pale tenki linapotoka. Kila mwisho wa mwezi jumla ya vituo ilinganishwe na ya tenki, na tofauti ibandikwe ubaoni kwenye ofisi ya kijiji. Ikiruka ghafla kutoka asilimia 15 hadi 35, ama bomba limepasuka ama kuna mtu ana bomba lake la siri; vyote viwili hugunduliwa na karatasi hiyo kabla ya mguu wa fundi.

Stoo iwe na viungo vya kila kipenyo kilichotumika, rola moja la akiba, koki kumi, maboya mawili, msumeno, na ramani ya njia yenye vipimo kutoka vitu visivyohama, kama pembe ya kanisa, nguzo ya umeme au mbuyu. Fundi aliyelaza bomba atahama au atafariki, na wa baada yake asilazimike kuchimba shamba zima kutafuta valvu.

Maombi ya kuunganishiwa nyumbani yataanza mwezi ule ule maji yanapofika, na mwombaji wa kwanza mara nyingi ni mkubwa mwenye nyumba njiani, juu ya tenki. Usimkatie kutoka bomba kuu kati ya chanzo na tenki. Hapo presha ya usiku itapasua koki zake, na kila lita yake inatoka kwenye zile 2 kwa sekunde ulizopimia kijiji kizima. Wote waunganishwe chini ya tenki, wote wawe na dira, na idadi yao isimame pale kituo cha mwisho mwa mtandao kinapoanza kuchukua zaidi ya dakika mbili kujaza ndoo saa kumi na mbili asubuhi. Wengine wasubiri mpaka chombo kipate fedha za tenki la pili.